Katuku Hayumo Kitabuni

Mimi sijui kusoma, na sitaki kuonewa huruma kwa hilo. Lakini kusikiliza najua, tena sana, na hawa watu wanaosomea wenzao kwa sauti wameniudhi vya kutosha. Leo nitawasema.

Kwanza ile santuri ya misheni. Walikuja nayo hapa Voi, wakaizungusha kwa mkono mbele ya kanisa, tukasikia mzungu anatusomea hadithi ya dhambi na toba kwa Kikamba cha kuokoteza. Ukicheka, anaendelea. Ukilia, anaendelea. Ukitaka arudie mahali ambapo hukusikia, mwenye mashine anakukemea usiguse sindano. Mtu anayekusomea bila kujua kama upo, huyo anamsomea nani?

Halafu redio ya ukumbini. Yule bwana wa hadithi anasoma vizuri, sikatai. Lakini kila akifika pazuri anasema muda umekwisha. Umekwisha wa nani? Mimi nimekaa hapa na kiondo changu, siendi popote.

Msomaji aliyenifaa alikuwa mmoja tu, Phineas, karani wa stesheni, kijana kutoka Sagalla. Na huyo ndiye aliyenikosea kuliko wote.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita. Mimi na mume wangu Kimeu tulikaa kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, zile tulizoziita landi. Yeye alikuwa kwenye gangi la kutengeneza njia. Jumapili mchana wanawake walikaa mlangoni kwangu tukisuka viondo, na Phineas akaja na kitabu chake cha jalada la kijani. Alisoma kama mtu anayezungumza nawe. Ukiguna, alingoja. Ukiuliza, alijibu.

Kitabu kilihusu ndugu wawili waliokwenda kutafuta ng'ombe wa baba yao. Ndugu wenyewe walichosha. Mmoja alikuwa mwema, mwingine alikuwa mwema zaidi, na wote walikuwa wakishauriana. Jumapili ya tatu nilikuwa nasinzia, kamba mkononi, ndipo akaingia Katuku.

Katuku alikuwa amemkimbia mume aliyempiga, akiwa na mtoto mgongoni. Aliwakuta wale ndugu kisimani, akawaambia wanapotea njia, na kweli walikuwa wamepotea. Alikuwa mkali, mdomo haukopeshi, na hakuna aliyemweza. Nikaacha kusuka.

Sasa nitasema jambo ambalo Phineas hakulijua, wala mwanamke yeyote wa pale landi. Mimi nilitoka kwa mume wangu wa kwanza, kule Kitui, namna hiyohiyo, na mtoto mgongoni. Nilipofika mtoni nikakuta umejaa. Niliogopa. Nikarudi nikamwacha mtoto kwa nyanya yake, mama wa yule mume, nikavuka peke yangu. Mahari ilikuwa imelipwa, kwa hiyo mtoto akabaki kuwa wa kwao, na mimi sikuruhusiwa hata kumwona. Kimeu anajua. Hataji.

Basi Jumapili moja Katuku naye akafika mtoni, na mto umejaa. Phineas akafunga kitabu, akasema tutaendelea Jumapili ijayo. Jumatano ikaja amri ya kumhamishia Taveta.

Niliposikia nilikwenda stesheni na povu la sabuni bado mikononi. Nikamkuta anafunga sanduku lake.

"Karani," nikamwambia, "alivuka au hakuvuka?"

"Mama, gari linaondoka."

"Basi nipe kitabu. Nitapata wa kunimalizia."

Akakishika kile kitabu kama hataki kukiachia. Halafu akanipa bila kunitazama usoni. Wakati ule nilidhani ni uchungu wa kuagana.

Nikaanza na Obadiah, katekista. Obadiah husoma kila kitu kana kwamba anamzika mtu. Kila baada ya mistari mitano anaweka kitabu magotini na kutuonya. Nilivumilia, kwa sababu nilikuwa nangoja mto. Mto ukafika, wale ndugu wakavuka darajani wakiimba, na Katuku hakutajwa.

"Umemruka," nikamwambia.

"Nimemruka nani?"

"Katuku. Umemruka kwa sababu alimkimbia mume, na wewe hutaki tusikie."

"Mama, mimi siongezi neno wala sipunguzi."

Nilimwita mwongo mbele ya wanawake sita. Nimekwisha kumwomba radhi, lakini siku ile nilimwita.

Nikaenda kwa Elsie, binti anayefanya kazi hospitalini. Elsie husoma kama anaita majina ya wagonjwa, mbiombio, bila kupumua, na kifo cha mtu na bei ya mbuzi kwake ni sauti moja. Ila hana hila. Nikamwomba aanze ukurasa wa kwanza na aweke kidole kwenye kila mstari, nikione. Ilituchukua siku nne. Kidole kikafika mwisho.

"Hayumo," akasema.

"Tafuta tena."

"Mama, hayumo. Humu hakuna mwanamke hata mmoja, isipokuwa mama yao, naye amekufa ukurasa wa kwanza."

"Labda kuna karatasi zimechanwa."

Akanionyesha namba za kurasa, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwepo.

Hapo ndipo damu iliponichemka. Kumbe Phineas alikuwa ananitazama usoni na kunichezea, kwa kuwa alijua siwezi kuchungulia. Angemfanyia hivyo mwenye macho ya kusoma? Asingethubutu.

Kimeu alikuwa ameiweka pasi yetu ya reli, ya kusafiri bure mara moja kwa mwaka, twende nayo kwao Krismasi kumwona mama yake. Nikaiomba.

"Unakwenda Taveta kwa sababu ya kitabu?" akauliza.

"Ninakwenda kwa sababu ya yale ya mtoni."

Kisha akafungua sanduku, akaitoa, akanipa.

Nilimkuta Phineas kwenye godauni la stesheni, anapima ndizi. Aliponiona na kile kitabu kwapani, akaweka kalamu chini.

"Katuku yuko wapi?" nikamwuliza.

Alitaka kusema kitu kingine, nikamtazama, akaacha.

"Mama, ulikuwa unasinzia. Kitabu chenyewe kibaya. Nikaona aibu, nikatia mtu."

"Ukatia mtu."

"Nilipoona umeacha kusuka, nikamwendeleza. Kila Jumamosi nilikuwa nafikiri kesho atafanya nini. Sikukusudia kukudharau."

"Umenidharau. Mimi nimemtukana katekista kwa ajili yako. Pale mtoni ulitaka afanyeje?"

"Sijui. Nilimfikisha, nikakosa la kumfanyia. Nilipopata uhamisho, nilishukuru."

Hilo lilinichoma kuliko uongo wenyewe.

"Umemwacha mwanamke na mtoto ukingoni miezi mitatu," nikamwambia, "na wewe uko hapa unapima ndizi."

Akainamisha kichwa. Ni kijana mwenye adabu, na alitaka tuyamalize upesi. "Basi mama, tumalize sasa hivi. Tuseme maji yalikuwa mengi mno. Tuseme alimrudisha mtoto kwa jamaa zake, akavuka peke yake, akaokoka."

Hakujua alilolisema, nalijua hilo, lakini nilitaka kumpiga.

"Nyamaza," nikamwambia. "Kaa hapo. Fungua kitabu."

"Ukurasa gani?"

"Wowote. Leo nasoma mimi."

Akakaa juu ya gunia, akafungua kitabu, akanishikia. Nikaweka kidole kwenye mstari wa juu, kama Elsie, nikasoma. Nikasoma kwamba Katuku alifungua shuka, akamfunga mtoto upya, juu, karibu na shingo, akakaza fundo mara mbili. Kwamba aliingia. Maji yakafika magotini, yakafika kiunoni, yakafika kifuani, na mtoto akalia, na kwa sababu alilia mama yake alijua bado yupo. Kwamba aliteleza mara moja na hakuanguka. Nilisoma polepole, siyo mbiombio, na sikumwonya mtu, wala sikusema muda umekwisha. Kidole kilipofika chini, Phineas akanifunulia ukurasa. Nikasoma mpaka Katuku akatoka ng'ambo, akaketi kwenye mchanga, akamfungua mtoto, akamkuta mzima.

Vijana wa ndizi walikuwa wamesimama mlangoni wanasikiliza.

"Mama," Phineas akasema kwa sauti ndogo, "mimi sikumpa mtoto jina. Anaitwa nani?"

"Nzomo," nikasema, jina nililokuwa sijalitamka tangu Kitui. "Si imeandikwa hapa?"

Akainama, akatazama pale nilipoweka kidole. Akatazama kwa muda mrefu.

"Ndiyo, mama," akasema. "Nzomo. Imeandikwa."