Slaidi za Kisiwani

Tangu warudi kutoka Karibi, Munir aliwasimulia Waswahili wenzake wa Saint Paul, Marekani, jinsi alivyoshika usukani wa mashua ya matanga ya jirani yao Martin mpaka kisiwani, huku mkewe Lubna akilia na kutapika. Lubna alivumilia kila kicheko cha watu kwa majuma matatu. Kisha alikwenda kwa Martin, akaomba slaidi za picha alizopiga safarini.

Jumapili moja ya Februari 1994, wageni walijaa sebuleni kwao kutazama safari. Munir alisimama kando ya ukuta mweupe, na projekta akamwachia mkewe.

"Hapa bahari imechafuka," alisema. "Mke wangu, bonyeza."

Ukutani alitokea Lubna, ameshika usukani. Miguuni pake Munir alikuwa amejikunja kama jongoo, kichwa ndani ya ndoo.

Watu waliangua kicheko.

"Shemeji," aliuliza Abdulghani, kaka yake Lubna, "ndoo hiyo ndiyo usukani?"

"Pitisha!" Munir alifoka.

"Haraka ya nini, bwana?" alisema Lubna. "Watu hawajashiba."

Aliiacha picha mpaka chai ikaisha. Iliyofuata ilimwonyesha peke yake sokoni kisiwani, amejaza kungumanga mikononi.

"Na wewe Munir ulikuwa wapi?" aliuliza Bi Umi.

"Ndani ya mashua," alijibu Lubna. "Siku zote nne."

Akamkabidhi mumewe kitufe cha projekta, akaenda kusimama ukutani.

"Kaa, bwana. Aliyeshuka ndiye atakayesimulia. Wewe bonyeza nikikwambia."