Chachu ya Chupa Mbili

"Mama Joviale, huyu mukwe wako anatia dawa gani mu chachu ya mikate? Anataka kutumaliza?"

Jirani yangu Bintu aliniuliza vile kwenye bomba la maji, hapa Kadutu, watu wakacheka. Nami nikacheka. Lakini neno lilibaki ndani yangu.

Venant alikuwa mwanafunzi wa biolojia, na alitaka kuoa binti yangu Joviale. Kwa jaribio ambalo profesa wake alitaka alifanye mara tatu ili amalize masomo, kila Jumamosi aliomba chachu yangu kidogo, akaigawa mu chupa mbili. Moja aliitilia eau oxygénée, ile dawa ya kuosha vidonda, akaifunga kamba nyekundu. Nyingine akaifunga nyeupe. Zote akaziweka mu maji vuguvugu, akiyapima na termometa, kisha mu maji ya moto.

"Maman, huo uvuguvugu ni masomo," alinieleza. "Chachu iko na uhai. Ikionja joto kidogo, inajitayarisha kwa joto kali. Lakini ile yenye dawa imeumia ndani, nguvu zake zinaishia mu kujitengeneza. Haijifunzi tena. Utaona: nyeupe itatoa povu, nyekundu itakufa."

Mara mbili ikawa vile. Nikajiuliza: mtu anayejua jibu mbele ya kuanza kazi, anaandika anachokiona ao anachokitaka? Marehemu bwana yangu hakunidanganya hata siku moja. Nisingempa Joviale muongo. Mara ya tatu, ya mwisho, Venant alipotoka kuchota maji, nikabadilisha kamba, nyekundu ku chupa isiyo na dawa.

Nyekundu ikafura povu. Venant akaitazama sana, akaandika mu daftari, akaenda bila kunywa chai. Dominika sikukomunika kanisani; roho ilinishtaki.

Jumanne akarudi. Nilikuwa nakanda unga, Joviale pembeni yangu.

"Nimemwambia profesa kwamba mara ya tatu imekataa," akasema. "Ameondoa jina langu ku liste ya wanaomaliza mwaka huu. Ndoa itangoja, maman."

Joviale akaruka. "Si ungeandika tu kama zile zingine? Nani angejua?"

"Na ile povu niliyoiona, ningeimeza?"

Mikono yangu ikasimama mu unga.

"Mwanangu, chachu haikukosea. Ni mimi nilibadilisha kamba. Nilitaka kujua kama uko muongo."

"Maman!" Joviale akashika kichwa.

"Nitaenda mwenyewe kwa profesa. Nitapiga magoti," nikamwambia Venant.

 Venant akachukua termometa yake mezani, akaifuta, akavaa viatu mulangoni, akatoka, akamwacha Joviale akimwita njiani.