Idhini ya Thuwaiba

Hebu niambie wewe unayesikiliza: umewahi kuulizwa neno mbele ya watu, na jibu lako limeshaandikwa kitabuni kabla hujafungua kinywa? Bi Zuwena amewahi. Ndiyo maana Jumamosi ile, nyumbani kwa mwanawe Shaame huko Shauri Moyo, watu walipokuwa wakishangilia harusi, yeye alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, macho yake kwenye mikono ya mjukuu wake Thuwaiba, bibi harusi.

Mikono ilikuwa imepakwa hina hadi viwikoni, maua madogo madogo yaliyochukua saa tano kuchorwa. Ilikuwa baridi kama bati la alfajiri. Tangu Alhamisi Thuwaiba hakuwa amekula ila chai ya rangi na nusu ya mahamri. Shangazi zake walisema ni haya ya bibi harusi.

Uani, Apondi, jirani wa ukuta mmoja kwa miaka thelathini, alikuwa amekabidhiwa sufuria la pilau.

"Mama Shaame! Njoo uonje chumvi, kesho usije ukasema Mjaluo alikuharibia harusi!"

"Onja mwenyewe," Bi Zuwena akajibu dirishani. "Samaki wako huwa unamwonjesha nani?"

"Samaki hana maringo kama nyinyi!"

Wanawake wakaangua kicheko. Thuwaiba hakucheka.

"Mjukuu wangu," bibi akasema polepole, "huyu Mahad unamtaka?"

"Bibi, watu wameshafika."

"Sikuuliza habari za watu."

Msichana akaangalia sakafu. "Baba alishapokea posa."

Basi Bi Zuwena akaishika ile mikono ya baridi. Mahad mwenyewe hakuwa na kasoro. Alikuwa kijana mpole, ana duka la jumla la vitambaa, anaswali, hapandishi sauti. Shaame alimpenda tangu siku ya kwanza. Lakini Bi Zuwena aliujua ukimya wa haya, na aliujua ukimya mwingine, ule wa mtu aliyeona milango yote imefungwa.

Sebuleni kulitundikwa picha ya marehemu mume wake, kofia ya kamati ya mapinduzi kichwani, kifua mbele. Shaame hakumkosesha mgeni hadithi yake. "Huyo ni baba yangu. Mtu wa mapinduzi, Unguja. Alipigania wanyonge."

Wala hakudanganya. Bi Zuwena mwenyewe alikuwa mtoto wa hao wanyonge. Baba yake alikuwa mchuma karafuu, akiishi kwenye shamba la mtu. Aliruhusiwa kulima mihogo chini ya mikarafuu, lakini mti wa kudumu asipande, asije siku moja akasema hapa ni pangu. Mwaka mmoja mwenye shamba alikasirika, akaamuru mihogo yote ing'olewe. Zuwena mdogo aliiona ikirundikwa njiani, mizizi myembamba kama vidole, bado haijakomaa. Uchaguzi ulipokuja, chama cha wanyonge kikapata kura nyingi na viti vichache. Watu wakajaa hasira hadi shingoni. Januari ya sitini na nne ilipofika, yeye akiwa na miaka kumi, baba yake alicheza ngoma barabarani.

Wakapewa eka tatu. Zuwena akaingia shule bila karo, akaketi dawati moja na watoto ambao mama yake aliwafulia nguo. Hayo hakuwahi kuyakana. Lakini hao waliocheza ngoma wakajifunza kunong'ona. Mwenye duka wa kona akatoweka, na hakuna aliyeuliza yuko wapi. Foleni ya mchele na sukari ikawa ndefu, na kwenye foleni hujui aliye nyuma yako anamsikilizia nani. Kisha, Zuwena alipotimiza miaka kumi na sita, mzee mmoja wa kamati akamwona akitoka shuleni.

Hayo ya mwisho Shaame hakuwahi kuambiwa.

Jacky, rafiki wa bibi harusi, akachungulia, akamwita bibi. "Shosh, sheikh ndio huyu. Wako kwa mlango."

Wakaingia: sheikh na kitabu chake cha ndoa kwapani, Shaame katika kanzu mpya, mashahidi wawili. Nyuma yao Bi Ruqiyo, shangazi wa Mahad, amevaa dhahabu, uso wa furaha. Chumba kikawa kidogo ghafla.

"Binti yangu Thuwaiba," sheikh akasema, "baba yako akuoze kwa Mahad bin Magan kwa mahari mliyokubaliana. Umeridhika?"

Kimya.

Akauliza mara ya pili. Thuwaiba akavuta mtandio usoni. Mara ya tatu, sauti ya sheikh ikawa ya chini zaidi. Bado kimya. Shangazi mmoja akapiga kigelegele nusu, akakikatiza.

"Andika, sheikh," Shaame akasema akitabasamu. "Mwanamwali akinyamaza amekubali."

Sheikh akafungua kalamu. Hapo Bi Zuwena akainuka, akaweka kiganja chake juu ya ukurasa.

"Usiandike."

"Mama!" Tabasamu la Shaame likapotea. "Watu mia mbili wako msikitini. Bwana harusi ameketi anasubiri!"

"Na asubiri."

"Kwani Mahad wetu ameokotwa jalalani?" Bi Ruqiyo akafoka. "Mmekula posa, mmekula hela za viatu, leo ndio mnaanza maswali?"

"Mahad hana kosa, mwanangu. Nisamehe." Bi Zuwena hakuutoa mkono. Akamgeukia mwanawe. "Baba yako aliniandikisha hivihivi."

 Uani mwiko wa Apondi ukaacha kugonga sufuria.

"Nilikuwa na sare ya shule. Mlangoni alisimama kijana na bunduki. Sheikh aliyeletwa alikuwa anaogopa kuliko mimi. Akaniuliza mara tatu, nikanyamaza mara tatu, wakaandika kwamba nimekubali. Babu yako, baba yangu mimi, alikuwa pale pale. Aliniambia hawa wametupa ardhi, tutawakatalia nini? Ulipotimiza miaka miwili nikakubeba mgongoni, nikavuka hadi Mombasa."

Shaame alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, lakini mdomo ulimcheza kama wa mtoto. "Unayasema haya leo? Mbele ya wageni?"

"Ningeyasema lini? Kila siku unaniita nije niangalie ile picha."

"Mimi simshikii mtu bunduki, Mama!"

"Najua. Ndiyo maana nakuomba ungoje."

Shaame akageukia ukuta. Bi Zuwena akajiuliza. Je, kama msichana anamtaka kijana wa watu? Kama ni haya tu, kama walivyosema? Basi amemvua nguo mwanawe mbele ya wakwe bure, na ya miaka hamsini na mitano hayarudi tena kifuani.

Sheikh akafunika kalamu, akakifunga kitabu. "Ukimya ni idhini pale ambapo hakuna shaka," akasema. "Hapa shaka imeingia. Mimi siandiki mpaka nisikie." Akavuta kigoda, akaketi.

Simu ya shahidi mmoja ikalia. Msikitini walikuwa wanauliza. Akaizima. Bi Ruqiyo alikunja mikono, bangili zikagongana, kisha naye akamtazama yule binti, safari hii bila hasira.

Thuwaiba akashusha mtandio. Wanja ulikuwa umemchuruzika hadi kidevuni. Hakumtazama bibi yake, wala sheikh. Aliutazama mgongo wa baba yake, ile kanzu mpya yenye mikunjo ya dukani bado.

"Baba," akaita.

Shaame hakugeuka.

"Baba, nitazame."

Akageuka.

"Simtaki. Si mtu mbaya, wala hajanikosea chochote. Simtaki tu. Nilitaka uniulize kabla hujapokea posa."