Ufunguo wa Loustaunau

Kwetu Béarn, kusini-magharibi mwa Ufaransa, nyumba ndiyo inayompa mtu jina. Mzaliwa wa kwanza, awe mvulana au msichana, anarithi nyumba na jina lake, na atakayefunga naye ndoa ataitwa hivyo hivyo, apende asipende. Wadogo hulibeba jina wakaenda nalo mbali. Mdogo wangu Odile alikuwa na mchumba Toulouse, na sanduku keshafunga. Mimi, Maylis, ndiye wa kwanza. Loustaunau, nyumba yetu, ilinichosha zamani: ng'ombe, matope, na Baba akikohoa jikoni.

Sikukuu ya Mtakatifu Martini, Baba angenikabidhi ufunguo mbele ya majirani. Ukishaupokea, basi tena. Hutoki mpaka ubebwe.

Siku moja kabla, akatokea Ramón Loustaunau kutoka Argentina, mtu mzima, mnene, akitafuta jina lake lilikotoka. Alipoliona limechongwa juu ya mlango wetu akalia kama mtoto. Moyo ulinidunda kwa furaha. Huyu hapa! Jina analo, machozi anayo, nyumba na aichukue.

Nikampa supu ya kabeji na paja la bata, akaongeza sahani ya pili. Baba alipotoka kwenda kukamua, nikauchomoa ufunguo msumarini.

"Shika, binamu. Nyumba yako."

Akatia mikono mifukoni upesi. "Thubutu!"

"Si umekuja kutafuta kwenu?"

"Nimekuja kupaona, dada. Kufungwa sikuja." Akacheka. "Unajua babu yangu alikuwa mzaliwa wa kwanza? Ilibaki siku moja apewe huo ufunguo, akaaga anakwenda sokoni, akapanda meli Bordeaux. Mpaka anakufa alitukanya: wakikupa ufunguo kule, usifunue kiganja."

Nilitaka kumbusu. Kumbe mtu aliweza! Alitoka, akaoa, akazeeka, na nyumba haikumfuata. Kichwani nilikuwa nimeshaanza kuchagua nguo za safari.

"Ufunguo akapewa nani?"

"Mdogo wake, Graciane. Alikuwa na mchumba mjini Pau, sijui waliishia wapi."

Mimi nilijua. Graciane ni bibi yangu, mama yake Baba. Aliozwa jirani, akazalia humu. Nilimkuta mzee, kiti chake dirishani kikitazama barabara ya Pau, na ole wako ukisogeze. Sisi watoto tulikuwa tukimcheka.

Mlango ukafunguka, Odile akaingia na ndoo ya maziwa, akiimba.

"Wewe! Mbona uso umekushuka hivyo?" akanitania. "Binamu amekuposa nini?"

Nikaurudisha ufunguo msumarini. Nilimchukia kwa kuimba kwake, nikampenda, nikamwambia atue ndoo kabla hajamwaga.

Kesho yake majirani walijaa jikoni. Ramón alisimama ukutani, mikono bado mifukoni, akinitikisia kichwa taratibu: usikubali. Nyuma yake Odile alikuwa akigawa mikate na kucheka na wageni.

"Maylis, binti yangu," Baba akasema. "Njoo."

Nikafunua kiganja.