Vikopo Vinne

Kila Ijumaa alfajiri, kabla jua la Doha halijaanza kuchoma, Levis alichuchumaa nyuma ya ukuta wa shamba moja huko Umm Salal, akavuta msokoto wake wa bangi mara nne, akafunga kamba za viatu, kisha akakimbia kilomita kumi huku akitabasamu. Nahashon alimtazama kwa mbali na kumchukia bila haraka, kama mtu anayenoa kisu.

Alikuwa na sababu. Wote wawili walikuwa walinzi kutoka Kenya, wakilala chumba kimoja kule Al Mansoura. Mwaka uliotangulia, hoteli moja katika mtaa wa The Pearl ilitaka mwalimu wa mazoezi, na Nahashon ndiye aliyeahidiwa nafasi hiyo. Kwa furaha akamweleza rafiki yake kila kitu, hata kwamba goti lake la kulia humuuma akipanda ngazi. Kesho yake msimamizi wao, Fabian, alikwisha kulijua goti hilo, na kazi ikamwangukia Levis. Nahashon akabaki getini kwenye joto, akiwafungulia wageni waliokwenda kufundishwa na mtu aliyemchimbia shimo. Aliapa kwamba Levis angeondoka Qatar bila hata kuaga.

Ili ajue bangi inafichwa wapi, ilimbidi ajifanye mwenzake. Akaanza kwenda naye shambani. Ijumaa moja Levis akamnyooshea msokoto, naye, asije akashukiwa, akavuta mara mbili.

"Kimbia polepole, buda," Levis akamwambia. "Wachana na goti. Sikiza pumzi yako."

Goti likanyamaza. Walikimbia bega kwa bega kando ya mitende, na kwa muda wa dakika arobaini Nahashon akasahau kumchukia. Hilo lilimuudhi kuliko yote. Waliporudi, Levis alikisukuma kikopo cha bangi ndani ya tofali lenye tundu, mbele ya macho yake.

Jumatatu Nahashon akaenda kwa Fabian na kumwaga yote, isipokuwa zile pumzi zake mbili. Alijua sheria ya nchi ile: gereza kwanza, ndege baadaye. Akalala usingizi mtamu ambao hakuwa ameuonja kwa mwaka mzima.

Alichosahau ni desturi ya kampuni yao. Haikuwa ikimpima mtu mmoja, ilikipima chumba kizima. Jumatano wakazi wote wanne wa chumba kile walipelekwa kliniki, kila mmoja akakabidhiwa kikopo cha mkojo na kuambiwa asubiri kwenye benchi. Nahashon akawa anakifungua na kukifunga kifuniko tena na tena.

Levis akamwinamia. "Mbona unahangaika? Nishaongea na Fabian."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba nilikutilia bangi kwenye chai, na hukujua. Sijui nani ametuuza, lakini mimi siponi. Wewe angalau ubaki." Akatazama sakafu. "Lile goti lako ni mimi nilimwambia. Nimetaka kukuambia mwaka mzima, nikaogopa."

Nahashon aliitafuta hasira yake pale ilipokuwa ikikaa siku zote, akaikosa. Aliona aibu nzito.

Muuguzi akatokeza mlangoni na kuliita jina lake. Nahashon akainuka, goti likamchoma, akasimama pale na kikopo chake mkononi akimwangalia Levis.