Mti Uliokatwa Jumamosi

Jumatatu asubuhi mwalimu wa watoto wadogo aliingia getini na kapu la majani makavu, akakuta uwanja uko peupe, jua linachoma mpaka mlangoni. Mti pekee wa shule ulikuwa umekatwa Jumamosi. Wiki ile ilikuwa ya somo la miti na misitu, na yeye alikuwa amepanga kufundishia pale chini yake.

Alipomfuata mwalimu mkuu, aliambiwa majani yalikuwa yanaziba mabomba ya paa, tena wazazi wamelalamikia viwavi. Hata hivyo asiwe na wasiwasi, bango la msitu limeshanunuliwa.

Akameza hasira zake, akalibandika bango ukutani, akauliza hiki ni nini. Watoto wakajibu kwa pamoja kwamba ni karatasi. Akaeleza shina, matawi, mizizi. Mmoja akalilamba bango. Wawili wakagombania kiti. Kibonge, ambaye miaka mitatu ilikuwa bado kumtimia, akalala kifudifudi sakafuni, akasema hataki karatasi.

Basi akawashikisha kamba, akawapeleka uzioni wakatazame mti wa jirani ng'ambo ya barabara. Hawajatulia vizuri, lori la matofali likaja likasimama mbele yao, likaziba kila kitu. Watoto wakalishangilia. Mwalimu alitamani kukaa chini alie.

Wakati wa kurudi, Kibonge aliachia kamba akakimbilia kwenye kisiki. Akakipapasa, akanusa unga wa mbao, kisha akatazama juu.

"Mti uko wapi?"

"Umekatwa."

"Na nani?"

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama barazani.

"Kamuulize yule pale," mwalimu akasema, maneno yakamtoka kabla hajayapima.

Mtoto akaenda kweli, akauliza. Mwalimu mkuu akainama, akamwambia mti umeenda kupumzika, na utarudi karibuni.

Watoto walipolala mchana, mwalimu akaitwa ofisini. Akafokewa kwamba anawachochea watoto wamkabili mkubwa wao.

"Nimeambiwa niwafundishe mti, wewe ukaukata," akajibu. "Sasa umewaambia utarudi. Kesho nifundishe lipi, Mwalimu?"

Mwalimu mkuu akapangapanga kalamu zake mezani, akasema hilo limekwisha.

Nyumbani, mumewe aliposikia habari ya lori alicheka mpaka akashika mbavu. Hilo likamuudhi zaidi. Akalala bila kusema naye.

Kesho yake akakuta kisiki kimefunikwa kwa chungu kikubwa cha maua ya plastiki. Kibonge akafika, hata mkoba hajautua, akauliza kama mti umeamka.

Mwalimu akapiga magoti. Majibu mepesi alikuwa nayo tele, na yote yalimkera.

"Hapana, baba. Mti ule umekufa. Hautarudi."

Mtoto akaangua kilio. Wenzake, wasiojua hata wanalilia nini, wakamfuata. Mlango wa ofisi ukafunguliwa. Mwalimu hakugeuka. Alimpakata Kibonge, akamwacha alie.