Roho Mbili Kando ya Bwawa

Mwenye nyumba, Ni Luh Sukerti, alikaanga ndizi kwa unga wa mchele, akazigawa katika sahani mbili, akazipeleka barazani walikokaa wageni wake. Walikuwa wasichana wawili wa Kijerumani, Antje na Wiebke, marafiki tangu shule, waliofika kisiwani Nusa Penida kwa boti kutoka Sanur, kila mmoja na shanta lake mgongoni. Antje alikula. Wiebke naye alikula, lakini hakusema kama ndizi zilikuwa tamu au zimeungua, na alipoitwa jina hakugeuka. Goti lake lilikuwa limefungwa bandeji.

"Amekuwa hivi tangu jana tulipoanguka," Antje alisema. "Nikimwambia anywe, anakunywa. Nikinyamaza, anakaa tu. Mama Sukerti, boti yetu ni kesho asubuhi, na ndege ni kesho hiyo hiyo. Nilimwahidi mama yake kwamba nitamrudisha. Nitamwambia nini? Kwamba nimemletea mtu anayekula?"

"Mlianguka wapi?"

"Kwenye kona, pale hotelini. Pikipiki iligonga ukuta, Wiebke akarushwa ndani, akaangukia majani. Walinzi wakamtoa kwa heshima, kwa sababu hakuwa na utepe wa mkononi wanaovaa wageni wao."

"Walimtoa mwili," Sukerti alisema. "Roho ikishtuka hubaki pale iliposhtukia. Kwetu mtu akianguka, jamaa zake hurudi mahali pale na sadaka, wakaiita roho yake, wakaja nayo nyumbani. Ninyi mliacha."

"Hatukujua."

"Sikulaumu. Wapo waliojua, nao wakachelewa."

Alipokuwa akisema hayo, alimfuta mumewe mdomo kwa ncha ya kitambaa. Mume huyo, I Nengah Sudarta, alikuwa ameketi upande wa pili wa baraza, akitafuna tonge lile lile la tangu alfajiri. Alikuwa mkulima wa mwani. Miaka mitatu iliyopita aliteleza na mzigo wake kwenye kona ile ile, wakati kona ingali njia ya kijiji, na roho yake ikabaki pale. Siku ile Sukerti alitazama kalenda iliyotundikwa jikoni, kama mke mwenye adabu anavyopaswa kutazama, akaona kwamba siku njema ya kumwita ilikuwa mbali bado. Akaingoja. Hakuna jirani aliyemwona mpumbavu, maana jambo kama hilo halianzwi siku mbaya. Katika kungoja huko, mteremko wote ukauzwa, barabara ikasogezwa kando, ukuta ukajengwa. Siku njema ilipofika, Sukerti alikwenda na sinia la sadaka kichwani, akakuta lango la hoteli.

Safari hii hakutazama kalenda. Aliitazama kwa niaba yake kuhani wa kijiji, Jero Mangku, aliyekuja akinung'unika.

"Leo ni siku mbaya, Luh. Mbaya hata ya kunyoa nywele."

"Siku njema niliwahi kuingoja, Jero. Twende."

Waliongozana wanne mpaka langoni: kuhani, Sukerti, Antje, na mwili wa Wiebke ulioshikwa mkono. Mlinzi wa zamu alikuwa Kadek, mtoto wa dada yake Sudarta. Kutoka langoni waliweza kuziona roho zote mbili, zimeketi kwenye ukingo wa mawe kando ya bwawa la kuogelea, mahali palipokuwa kona. Wiebke alikuwa bado amevaa kofia ya pikipiki. Sudarta alikuwa na kilemba chake, na mwani mbichi begani. Watalii walipita wakiwazunguka, na mhudumu mmoja alikuwa akipangusa maji karibu na miguu yao.

Meneja, Bwana Hendrawan, mtu wa Surabaya mwenye sauti ya upole, alitoka mwenyewe.

"Huyo binti mchukueni, tafadhali," alisema. "Wageni wanauliza ni wa chumba gani, nasi hatuna jibu. Ingieni kimya, msitumie moshi mwingi."

"Na mume wangu?"

"Mama, huyo ni jambo jingine. Huyo hakuja kwetu, sisi ndio tuliomkuta. Yumo katika ramani ya ujenzi."

"Ni mume wangu."

"Sikatai. Lakini wageni wamemzoea, na hupenda kupiga naye picha."

"Basi mnamfuga kama kasa," Sukerti alisema.

"Tunamtunza, Mama. Mvua ikinyesha tunamfungulia mwavuli."

Antje alimshika Sukerti mkono. "Mama, nakuomba, tuanze na Wiebke. Meneja asije akabadili nia."

Wakaingia. Sukerti alitandaza shati la Wiebke juu ya mawe, akaweka kijisinia cha majani ya mnazi chenye maua, wali na yai. Jero Mangku aliwasha ubani, akanyunyiza maji, akaita. Wiebke hakusogea. Akaitwa tena. Antje alianza kung'ata kucha, macho yake yakienda langoni na kurudi, na watalii wawili wakanyanyua simu zao ili wapate picha nzuri zaidi. Mara ya tatu Wiebke alivua kofia, akasimama, akaja akakanyaga shati.

Ndipo Sukerti, akiwa ameinama kukusanya sadaka, alipotamka jina la mumewe kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Sudarta aliinuka, akakung'uta nguo yake, akawafuata.

Walitembea bila kugeuka. Sukerti alisikia nyuma yake matone ya mwani yakidondoka kwenye mawe, naye hakuthubutu kuharakisha wala kupunguza mwendo. Langoni Kadek alimpisha kuhani, akawapisha wasichana, mwili na roho, kisha akaona nani yu nyuma ya Sukerti, akanyoosha mkono.

"Mama, ruhusa ni ya mmoja."

"Huyu ni mjomba wako, Kadek. Fumba macho."

"Mimi nikifumba, kamera iko wazi."

"Alikubeba shingoni ulipokuwa huwezi kutembea!"

"Najua, Mama." Kadek alitazama viatu vyake. "Mjomba, shikamoo. Naomba urudi."

Sudarta, ambaye maishani hakuwahi kuvuka foleni ya mtu wala mpaka wa shamba la mtu, aliitikia kwa kichwa. Akarudi kwenye ukingo wa mawe, akaketi.

Nyumbani, shati lilipowekwa utosini mwa Wiebke, alipiga ukelele. "Goti langu! Antje, wewe, umelifunga na nini, kamba ya mbuzi?" Antje alimkumbatia, akalia mpaka akapata kwikwi.

Asubuhi yake, mashanta yakiwa tayari mgongoni, Wiebke alimwendea Sukerti.

"Yule mzee alinisogezea nafasi kivulini," alisema. "Aliniambia nisihofu, watu huja. Mkewe mwenyewe atakuja, ila anatafuta siku njema."

Sukerti alimshukuru, akawaambia boti haingoji.

Baada ya siku chache Kadek alikuja na ujumbe wa meneja. Tangu binti aondoke, wageni walikuwa wakiuliza kwa nini mzee anakaa peke yake, picha zao zinatoka za huzuni. Je, Mama angekubali kuja kila alasiri akae kando yake, amevaa nguo za hekaluni? Angepewa utepe wake wa mkononi, wa kuingilia na kutokea.

"Na yeye je, atapewa?"

"Hapana, Mama."

Sukerti alipiga pasi blauzi yake ya sherehe, akajifunga mshipi wa njano, akaenda. Tangu hapo huketi kila alasiri kwenye ukingo wa mawe, bega kwa bega na mumewe, wakitazama pale watakapoonyeshwa na wapiga picha. Jua likianza kuzama humuaga, huonyesha utepe langoni, hurudi nyumbani kumlisha yule mwingine aliye barazani.